Mwalimu Hufundwa Darasani: Mazoezi ya Kufundisha Katika Garissa



Ualimu ni kazi isiyokamilika kwa kusoma vitabu peke yake. Mtu aweza kujua hesabu barabara, na bado akasimama mbele ya watoto hamsini asijue la kufanya. Kwa sababu hiyo vyuo vikuu vya Kenya humtaka kila mwanafunzi wa ualimu aende shuleni, kwa kawaida muhula mmoja, akafundishe kwelikweli. Huko huandika azimio la kazi na andalio la kila somo, husahihisha madaftari na kushika zamu. Mhadhiri wake huja kumtazama akifundisha, kisha humweleza palipo pema na palipo na kasoro.

Mazoezi hayo yana maana kubwa zaidi katika Garissa, Wajir na Mandera, kaunti tatu ambazo kabla ya mwaka 2013 zilikuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Nchi hiyo ni pana, na wenyeji wake wengi ni Wasomali, wafugaji wanaofuata maji na malisho. Kwa miaka mingi walimu wengi walitoka mikoa ya mbali. Walifanya kazi ya kusifiwa, wala haifai wasahauliwe. Lakini tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilishambuliwa, watu 28 wakauawa, miongoni mwao walimu waliokuwa wakienda likizo. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika Garissa. Baada ya hapo Tume ya Kuajiri Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji, na madarasa mengi yakabaki bila mwalimu.

Basi pengo hilo litazibwa na nani? Mjini Garissa, karibu na Mto Tana, kipo chuo kikuu kinachofunza walimu. Kilianza mwaka 2011 chini ya Chuo Kikuu cha Moi, mahali palipokuwa na chuo cha walimu. Tarehe 2 Aprili 2015 kilishambuliwa, na watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Hata hivyo kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Kijana wa nchi hiyo aweza sasa kusomea ualimu karibu na kwao, na kufanya mazoezi katika shule za kwao.

Faida yake ni dhahiri. Mtoto aliyezoea Kisomali nyumbani hukutana na Kiswahili na Kiingereza darasani. Mwalimu anayejua lugha zote tatu humvusha kwa upole, mradi asikitumie Kisomali hata mtoto akakosa kujifunza lugha za mtihani. Tena mvua zinapokosekana na madawati yakawa matupu, mwalimu huyo hujua kwamba mtoto hakutoroka, bali amefuata mifugo pamoja na wazazi wake. Na msichana amwonapo binti wa kwao ameshika chaki, hujua kwamba njia hiyo ni yake pia.

Hata kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizoanzishwa mwaka 1991, zimetoa mfano. Kuanzia mwaka 2013 Vyuo Vikuu vya Kenyatta na Moi, pamoja na vyuo vikuu vya Kanada, viliwafunza huko huko walimu waliokuwa wakifundisha kambini. Mafunzo yaliwafuata walimu. Walimu hawakulazimika kuyaacha madarasa yao.

Lakini kuwa mwenyeji peke yake hakutoshi. Mwanafunzi wa ualimu asifanywe kiraka cha kuziba kila tundu. Mwalimu mkuu asimtwike masomo yote ya mwalimu aliyeondoka, bali ampe mlezi mwenye ujuzi wa kumwongoza. Chuo nacho kimtume mhadhiri hata kwenye shule iliyo mbali na barabara kuu. La sivyo kila mwanafunzi atachagua shule za mjini, na watoto wa vijijini watabaki vile vile. Wazazi na wazee wampe makao salama, maji, na heshima inayompasa mwalimu.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa. Tuzo la kijana huyu si fedha tu, bali ni kupokewa vizuri katika muhula wake wa kwanza, ili amalizapo masomo apende kurudi. Akirudi, shule itakuwa na mwalimu. Akivunjika moyo, mlango wa darasa utabaki umefungwa.