Mgeni wa Kikundi Naye Apokelewe

Mazungumzo na wanachama, Baraka



Nimeombwa niseme kidogo juu ya kikundi chetu cha WhatsApp. Mtu akirudi kutoka Nyarugusu tunamwonyesha maji, shule na njia ya shamba. Lakini kwenye kikundi tunamwingiza na kumwacha hivyo tu. Kesho yake anatuma video kumi, anatukanwa, ananyamaza. Huyo aliyenyamaza ndiye siku moja ataogopa kuuliza kama barabara ni salama. Kwa hiyo kumfundisha adabu ni sehemu ya kumpokea.

Kwanza, ajitambulishe: jina, na mahali anapokaa sasa. Salamu moja inatosha. Tusijibizane "Amina" mpaka usiku, maana mega zinanunuliwa kwa pesa ya unga.

Pili, sauti. Wamama wengi hawakusoma, basi odio ni haki yao. Ila iwe fupi, na anayejua kuandika aongeze mstari mmoja: "Ni juu ya mkutano wa Jumamosi."

Tatu, na hili ni zito: habari za kutumiwa. Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, ujue umeshapita mikono mingi. Aliyekutumia naye alitumiwa. Kabla ya kuusukuma mbele uliza: nani ameona? Wapi? Lini? Kama hakuna jibu, ufie kwako. Hapa Fizi neno moja tu, "wamefika", linaweza kuhamisha kijiji usiku. Watoto wanalala porini na mihogo inaibiwa. Na tusi la kabila, hata ukilifuta, linaweza kuwa limeshabaki katika simu za wengine.

Nne, msiba usitangazwe kabla ya familia kujua. Picha ya maiti, hapana. Orodha ya watakaopewa msaada, hapana. Namba ya siri ya pesa za simu, hapana. Hata anayeiomba akijiita mwenyekiti, huyo si mwenyekiti.

Sasa, mgeni akikosea tufanye nini? Tusimkaripie mbele ya watu wote. Mwandikie pembeni, au mpigie, au umfuate nyumbani. Mpe sababu, siyo sheria tu. Mtu aliyekimbia mara mbili, mara tatu, ukimtoa kikundini bila neno anaona amefukuzwa tena. Atolewe yule tu aliyeonywa na bado anaendelea na matusi au uongo.

Ombi langu kwa komite ni hili: kila anayeingia apewe mwenyeji mmoja, mwezi wa kwanza, wa kumweleza haya kwa lugha anayoielewa vizuri. Haigharimu franga hata moja. Naomba tulijadili leo, kabla hatujatawanyika.