BARUA YA SHULE SI YA MTOTO, NI YAKO

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo wa kijiji kimoja cha uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala. Walikuwapo pia wageni kutoka Masasi.)

 

Najua huu ni wakati wa korosho. Wengine mmeacha korosho chini ya mikorosho mkaja kunisikiliza. Kwa hiyo nitasema jambo moja tu. Habari za afya ya mtoto zinatokaje shuleni mpaka zifike nyumbani? Na zikifika, tufanye nini?

Nitaanza na kisa kilichonipata mimi mwenyewe.

KISA CHA BARUA

Kabla sijawa afisa, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Siku moja tuliambiwa kwamba dawa za kichocho na minyoo zinakuja. Mwalimu Mkuu akaniambia niandike barua kwa wazazi. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu si muda mrefu, nikataka barua yangu ionekane ya kisomi. Niliandika hivi: "Mnaarifiwa kuwa kesho kutakuwa na zoezi la ugawaji wa kingatiba. Wazazi mnaombwa kuzingatia suala la lishe kabla ya zoezi."

Watoto wakazipeleka barua nyumbani. Katika nyumba moja alikuwapo bibi aliyekuwa akilea mjukuu wake wa darasa la tatu. Bibi hakujua kusoma. Akamwambia mjukuu, "Nisomee." Mtoto akasoma kwa taabu. Alipofika kwenye "kingatiba" akaruka. Alipofika kwenye "lishe" akaruka tena. Mwisho akasema, "Bibi, kesho kuna zoezi." Bibi akadhani ni mchezo wa kukimbia uwanjani. Asubuhi mtoto akaenda shule bila kula kitu.

Akameza dawa tumbo tupu. Baada ya muda akashikwa na kizunguzungu, akatapika, akalala chini ya mti. Mwenzake akakimbia kijijini akipiga kelele, "Wamempa sumu!" Bibi akaja na jembe mkononi, na wazazi wengine nyuma yake. Walitaka kujua ni nani amewapa watoto wao dawa bila wao kujua.

Tulimweka mtoto kivulini, muuguzi wa zahanati akamwangalia, akapewa maji na uji. Jioni alikuwa anacheza. Lakini bibi aliniambia neno ambalo sijalisahau. Alisema: "Mwalimu, mimi si mjinga. Ungeniambia mtoto ale, ningempikia. Hukuniambia."

Nilikuwa na nakala ya barua mkononi. Nilitaka kumwonyesha kwamba aliambiwa. Nikaisoma tena. Hakuna mahali nilipoandika neno "ale". Nikaikunja, nikaitia mfukoni. Kosa lilikuwa langu.

YALIYOTOKEA MOROGORO

Msidhani jambo hili ni la kijiji kimoja. Mwaka 2008, mkoani Morogoro, watoto wa shule za msingi walipewa dawa hizo hizo za kichocho na minyoo. Wazazi wengi hawakuwa wameelezwa vya kutosha. Baadhi ya watoto wakatapika na kuumwa tumbo. Uvumi ukaenea haraka kuliko moto wa nyika: kwamba dawa ni mbaya, kwamba zinaharibu uzazi, kwamba watoto wanakufa. Wazazi wakaenda shuleni kwa hasira, walimu wakaingia hofu, polisi wakaitwa. Kazi nzima ikavurugika.

Sasa tuelezane ukweli. Dawa ya kichocho inaitwa prazikwanteli. Kazi yake ni kuua minyoo ya kichocho iliyomo ndani ya mishipa ya damu. Watoto hupimwa urefu kwa ubao wenye alama, na urefu ndio unaoonyesha mtoto ameze vidonge vingapi. Mtoto mwenye minyoo mingi, au mwenye njaa, anaweza kupata kizunguzungu, kuumwa tumbo au kutapika. Kwa kawaida hali hiyo hupita siku ile ile. Lakini mtoto asipotibiwa, kichocho kinabaki mwilini. Atakojoa damu, na miaka ikipita kibofu chake kitaharibika. Wale ambao watoto wao huoga kwenye mabwawa na mito yenye konokono, mko hapa, mnajua ninasema nini.

HABARI INAPITA WAPI?

Masasi zipo halmashauri mbili, ya wilaya na ya mji. Newala vivyo hivyo. Katika kila halmashauri yupo Mganga Mkuu, na wapo maafisa elimu. Hao wakishapanga, habari inakwenda kwa Afisa Elimu Kata, kisha kwa Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu anaieleza Kamati ya Shule na Serikali ya Kijiji. Mwenyekiti wa kitongoji anatangaza. Mwisho mtoto anapewa barua. Siku hizi na simu pia zinatumika.

Ni njia ndefu. Ninyi wa huku juu mnajua maana ya kuteka maji bondeni na kupanda nayo mlima. Kila ndoo inapobadilisha kichwa, maji yanamwagika kidogo. Habari nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo usingoje mtoto peke yake akuletee. Nenda kwenye mkutano wa wazazi. Uliza zahanati. Kuuliza si ujinga.

Njia hii ikifanya kazi vizuri, faida yake tunaiona. Mwaka 2013 mikoa yetu ya kusini, yaani Mtwara, Lindi na Ruvuma, ndiyo iliyoanza mpango wa kugawa vyandarua vyenye dawa kwa njia ya shule. Walipewa wanafunzi wa baadhi ya madarasa, siyo wote. Mzazi aliyeelezwa alijua kwamba chandarua kile ni cha nyumba nzima. Mzazi asiyeelezwa alilalamika, "Kwa nini mtoto wa jirani amepata, wangu hakupata?"

Chukueni na chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, sindano mbili. Mwaka 2024 utaratibu ukabadilika, ikawa sindano moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wapo waliosema chanjo hii inafunga kizazi. Si kweli. Kazi yake ni kuzuia kirusi kinacholeta saratani hiyo, ambayo inaua akina mama wengi hapa nchini. Mama asiyepata habari kutoka kwa mwalimu au muuguzi ataipata kisimani, na ya kisimani huenda ikawa ya uongo.

MAMBO MATANO YA KUTAFUTA KATIKA BARUA

Ndugu wanakisomo, ninyi sasa mnasoma. Mkipata barua ya shule kuhusu afya, tafuteni mambo haya matano:

1. Ni dawa gani, au chanjo gani, na ya ugonjwa gani?
2. Ni siku gani?
3. Ni watoto gani wanaohusika?
4. Mtoto afanye nini kabla? Ale? Asile?
5. Mtoto akijisikia vibaya baadaye, niende kwa nani?

Kama moja halimo, barua hiyo haijakamilika. Ichukue, rudi nayo shuleni, useme, "Mwalimu, hapa sijaelewa." Usione haya. Nawaambia na walimu mliopo hapa: barua ya namna hii inatosha:

"Mzazi mwenzetu, Jumatano watoto wote watapewa dawa ya kichocho na minyoo hapa shuleni. Asubuhi mpe mtoto chakula ashibe. Kama ni mgonjwa, au ana dawa nyingine anayotumia, njoo utuambie kabla ya siku hiyo. Baada ya dawa anaweza kusikia kizunguzungu au kutapika. Mpumzishe, mpe maji. Hali ikizidi, mpeleke zahanati mara moja. Ukitaka kuuliza, njoo shuleni Jumatatu saa nane mchana."

Hakuna neno gumu humo. Hata mtoto wa darasa la tatu akimsomea bibi yake, bibi ataelewa.

SIRI YA MTOTO

Lipo jambo jingine. Zipo barua ambazo si za kutangazwa. Mwalimu anaweza kukuandikia kwamba mtoto wako haoni vizuri ubaoni, au anakojoa damu, au binti yako ana tatizo la mwili wake. Zamani mzazi asiyejua kusoma alibeba barua ya namna hiyo mpaka kwa jirani. Jirani akasoma kwa sauti. Kufika jioni kijiji kizima kinajua, na mtoto anachekwa njiani. Wapo watoto walioacha shule kwa aibu ya namna hii.

Leo unaweza kuisoma mwenyewe, ukakaa nayo moyoni, ukamwita mtoto mkazungumza wawili. Kwangu mimi hii ni faida kubwa ya kisomo. Ni heshima ya mtoto wako.

NA WEWE MZAZI USEME

Habari haipandi njia moja tu. Kama mtoto wako ana kifafa, pumu au siko seli, mwalimu ajue. Kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru, mwalimu ajue. Nimeona mtoto akianguka kifafa darasani, wenzake wakakimbia, na mwalimu hakujua la kufanya, kwa sababu wazazi walificha. Andika mistari miwili tu. Itie kwenye bahasha, ifunge, umpe mwalimu mkononi.

Wazee mliopo mnakumbuka Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu karibu milioni mbili nchi nzima walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Walipoelezwa na kuelewa, walishika majembe kwa hiari. Yule bibi naye alishika jembe, lakini kwa sababu hakuelezwa.

Baadaye bibi yule alikuja kisomo. Alikaa mbele kabisa kwa sababu macho yake yalikuwa hafifu. Dawa zilipokuja tena, aliniletea barua yangu mpya, akaweka kidole kwenye neno moja, akasoma polepole: "a-shi-be." Kisha akaniambia, "Sasa umeandika, mwanangu."



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Barua ya mwisho uliyopata kutoka shuleni ilisema nini? Mambo matano yalikuwamo yote?
2. Wakati wa korosho wazazi wengi wako mashambani. Kijiji chetu kifanye nini ili habari za shule ziwafikie?
3. Ukisikia uvumi kuhusu dawa au chanjo, utamwuliza nani kwanza?
4. Andika barua fupi ya mistari miwili kumweleza mwalimu jambo moja la afya ya mtoto wako.