Kurudi Wodini kwa Wazee kama Kipimo cha Matunzo: Mada kwa Semina ya Nyololo



Nimeombwa nizungumzie namna ya kulinganisha makazi ya wazee kwa kuangalia ni mara ngapi wanaoishi humo hurudishwa hospitali. Huenda mtu akauliza Nyololo inahusika vipi, maana makazi tunayoyasikia yako mbali: Nunge kule Kigamboni, Fungafunga Morogoro, Kolandoto Shinyanga, Njoro Kilimanjaro, na Zanzibar wana Sebleni na Welezo. Mimi naona linatuhusu sana. Kwetu kila nyumba yenye mzee aliyetoka wodini ni makazi ya wazee, na mara nyingi mlezi wake ni mjukuu wa darasa la sita. Utafiti wa VVU wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi ya asilimia 12.7 Njombe na 11.1 hapa kwetu Iringa, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.4. UKIMWI ulituachia nyumba nyingi zenye bibi na wajukuu, bila mtu wa katikati.

Kipimo chenyewe kimetumika sana Marekani. Mwaka 2009 watafiti walichapisha hesabu ya wagonjwa wa Medicare, bima ya serikali kwa wazee: karibu mmoja kati ya watano walioruhusiwa alilazwa tena ndani ya siku 30. Kwa wale waliotoka hospitali wakapelekwa kwenye nyumba za uuguzi, takwimu za 2006 zilionyesha asilimia 23.5 walirudi ndani ya siku hizo hizo, kwa gharama ya dola bilioni 4.34. Tangu Oktoba 2012 hospitali za huko hukatwa malipo marejeo yakizidi, na tangu Oktoba 2018 nyumba za uuguzi nazo zimeingizwa katika utaratibu wa namna hiyo.

Nakubaliana na wazo lililo nyuma ya kipimo hiki. Mambo mengi yanayomrudisha mzee wodini huanzia nyumbani, na huonekana mapema kwa anayeangalia: doa la ngozi mgongoni kwa mtu asiyegeuzwa, kikohozi cha Juni, mkojo unaochoma, dawa ya presha iliyokwisha.

Ila namba peke yake inaweza kumwonea mtu. Nyumba inayopokea wagonjwa wa kiharusi na wa moyo itarudisha wengi kuliko inayopokea wazee wanaotembea, hata kama walezi wake ni hodari zaidi. Idadi ndogo nayo hupotosha: katika nyumba ya wazee 20, mmoja akirudi ni asilimia 5, katika nyumba ya wazee 100, ni asilimia 1.

Kinachonisumbua zaidi ni mzee ambaye hakurudi. Hapa barabara kuu ya Mafinga na Makambako inapita mlangoni, lakini ukiingia ndani ya vijiji masika, nauli ya bodaboda hupanda na njia huteleza. Mzee anazidiwa usiku, familia inasubiri kukuche, kunakucha hakuna hela. Akifia kitandani, hahesabiwi miongoni mwa waliorudi. Tukilinganisha vijiji viwili kwa namba hiyo tu, kile ambacho wazee wake hawana nauli kitapewa sifa.

Niwape la nyumbani kwetu. Mama yangu mkubwa aliruhusiwa akiwa na ugonjwa wa moyo, hospitali sitaitaja. Alirudi na karatasi ya ruhusa ndani ya mfuko wa nailoni, mjukuu akautundika kwenye msumari juu ya kitanda. Kwenye pakiti ya dawa ya kukojosha paliandikwa “1 OD”. Mtoto alijua 1. OD hakuna aliyemweleza kwamba ni mara moja kila siku. Akawa anampa bibi kidonge pale miguu inapovimba tu. Wiki ya tatu mama mkubwa hakuweza tena kulala chali; alilala amekaa, ameegemea gunia la mahindi. Siku ya 19 alipelekwa hospitali kwa bodaboda, mshikaki, kijana mmoja akimshika kwa nyuma asianguke. Kwenye kitabu cha MTUHA, cha kumbukumbu za wagonjwa, aliandikwa kama mgonjwa mpya. Hakuna mstari hata mmoja uliosema kwamba mama huyu alitoka hapa siku 19 zilizopita, wala kwa nini amerudi.

Mtoto yule hakuwa na kosa. Aliachiwa kazi ya muuguzi bila kufundishwa hata nusu saa.

Kwa hiyo sipendekezi tuanze na kupanga nani bora na nani dhaifu. Tuanze kwa kuhesabu vizuri. Mzee akiruhusiwa, zahanati ya kijiji chake ipate taarifa. Mhudumu wa jamii amtembelee ndani ya siku 7, amwombe mlezi aoneshe kwa mikono yake anavyotoa dawa, kisha arudi siku ya 30 na kuandika mojawapo ya mambo matatu: yuko nyumbani, amelazwa tena, au amefariki. Hilo la tatu tusiliruke. Watu wa kuifanya kazi hii wanaandaliwa: mpango wa taifa uliozinduliwa Januari 31, 2024 umelenga wahudumu 137,294 katika miaka mitano. Wauguzi wenzangu nasi tuandike dozi kwa Kiswahili, kwa maneno kamili.

Wenyeviti wa vijiji, nawaomba kabla hatujaagana leo mniandikie majina ya wazee walioruhusiwa hospitali mwezi uliopita, wakiwemo waliokwisha kuzikwa. Daftari liko hapa mezani.