Mgombea Bila Chama



Juzi nilikaa na jirani yangu hapa Rau, mzee anayeitwa kila panapozuka ugomvi wa mfereji. Akaniuliza: "Mwanangu, hivi siwezi kugombea udiwani bila kadi ya chama cha mtu?" Nikamjibu, huwezi, mzee wangu. "Nani kasema?" Hapo nikababaika, maana mahakama zimekwisha kusema anaweza, tena si mara moja.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1960 Herman Sarwatt alisimama Mbulu kama mgombea binafsi, akambwaga mgombea rasmi wa TANU, na nchi haikupasuka. Lakini vyama vingi viliporudi mwaka 1992, sheria ilidai kila mgombea awe na chama.

Mchungaji Christopher Mtikila akaenda mahakamani. Oktoba 1994, Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, akatamka kwamba asiye na chama naye ana haki ya kugombea. Kabla mwaka haujaisha, Bunge likabadili Katiba kuizima haki hiyo. Kwangu mimi huko ni kufungwa bao kisha kuhamisha goli. Mtikila akafungua kesi upya, akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hili ni la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Bunge lile lile!

Jirani zetu Wakenya walimruhusu mgombea binafsi katika Katiba yao ya 2010. Septemba 2017 Mahakama yao ya Juu ikafuta hata uchaguzi wa Rais.

Mtikila hakuchoka. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, mwendo wa basi tu kutoka hapa, ikampa ushindi na kuiagiza Serikali irekebishe sheria. Alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, na uchaguzi wa mwezi huo ukafanyika bila mgombea binafsi hata mmoja.

"Basi na mimi nipande gari niende Arusha," mzee akasema. Ikabidi nimweleze kwamba Novemba 2019 Serikali iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi kupeleka kesi huko mwenyewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda kufungulia maji. Kadi bado hajachukua.