Utumbo wa Samaki Unaooteshwa Maabara: Manufaa na Tatizo la Tripsini katika Kupima Vyakula vya Ufugaji



Utumbo wa maabara mnaufahamu, kwa hiyo sitakawia hapo. Seli za ukuta wa utumbo huoteshwa juu ya utando wenye vitundu hadi zishikane. Juu ni upande wa chakula, chini ni upande wa damu. Ukinzani wa umeme kati ya pande hizo mbili ukishuka, ukuta unavuja. Seli zinazojulikana zaidi ni RTgutGC za samaki trauti, zilizotangazwa mwaka 2011. Faida yake ni kupunguza idadi ya samaki wanaouawa kwa majaribio.

Sasa nije kwenye jambo lililonisumbua kwa miaka. Seli hazitafuni punje za chakula. Chakula lazima kisagwe, kimeng'enywe kwa pepsini ndani ya asidi, kisha kwa tripsini na nyongo, ndipo rojo limiminwe juu ya seli. Nyongo huyeyusha utando wa seli. Tripsini nayo ndiyo dawa ileile tunayotumia kila wiki kubandua seli kutoka kwenye chupa! Tunazibandua kwa mikono yetu, halafu tunaandika kwamba chakula ni kibaya.

Kibaya zaidi ni upande wa pili. Soya mbichi ina vizuizi vya tripsini, na vizuizi hivyo ndivyo maabara nyingi hununua ili kuisimamisha tripsini. Rojo la soya isiyoiva vizuri kwa hiyo huzilinda seli. Ukinzani unabaki juu, sampuli inafaulu. Samaki akila soya hiyohiyo, vizuizi vinaibana tripsini yake mwenyewe, protini haimeng'enywi, anadumaa. Nimewahi kuona sampuli ikifaulu kwenye sahani ya seli, na sato waliolishwa chakula hicho wakabaki wembamba bwawani. Sina ruhusa ya kumtaja mtengenezaji, nami simtaji. Ila kila nilipolieleza jambo hili niliambiwa nisubiri mwongozo wa upimaji, na mwongozo haujaja.

Kuchemsha rojo ili kuua tripsini si jibu kamili, maana joto hubadilisha protini tunazozipima. Wala kuiva kwa soya hakumalizi yote: saponini za soya hustahimili joto, na ndizo zinazohusishwa na uvimbe wa utumbo wa nyuma wa samoni.

Napendekeza kila jaribio liwe na rojo tupu, lenye vimeng'enya na nyongo bila chakula. Tripsini iliyobaki ipimwe kabla ya kumimina, na kiwango kiandikwe kwenye ripoti. Vizuizi vya soya vipimwe peke yake, kabla ya sampuli kufika kwenye seli. Nyongo izimuliwe hadi seli za rojo tupu zibaki hai. Matokeo ya trauti, anayekula nyama na kuishi katika maji yenye baridi, yasitumike kumwidhinishia chakula sato wa maji ya joto mwenye utumbo mrefu. Tuoteshe seli za sato. Chakula chochote kisipewe kibali kwa sahani pekee bila jaribio dogo la bwawani. Na narudia, rojo tupu liwe sharti.

Waandaaji wa miongozo mlioko ukumbini, naomba sharti hilo liingie kwenye rasimu kabla semina haijafungwa. Gharama yake ni sahani moja zaidi.