Jiko la Gesi Likizimika

Hotuba kwa makatibu na watunza ghala wa vyama vya msingi



Jambo nililopewa kulizungumza wengine wataliona dogo: namna ya kuliwasha tena jiko la gesi lililozimika. Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Kwa hiyo mitungi itazidi kuingia majumbani na katika ofisi zetu.

Huko Ulaya na Marekani, tanuri za zamani za kupashia nyumba joto huwa na mwali mdogo unaowaka daima, na kando yake kijiti cha metali. Mwali ukizimika, kijiti hupoa na gesi hujifunga. Majiko yetu mengi ya mezani hayana mlinzi huyo. Chai ikifurika na kuuzima moto, gesi huendelea kutoka.

Gesi hiyo, yaani propani na butani, ni nzito kuliko hewa. Haipandi darini kama moshi, bali hutambaa sakafuni na kutuama chini ya meza. Niliwahi kumwona karani mmoja akiungua nyusi na mikono kwa kuwasha njiti papo hapo. Hakuwa mzembe, alikuwa na haraka ya chai.

Basi, funga jiko, kisha mtungi. Fungua milango na madirisha, hata kama baridi ya Julai inauma. Usiguse swichi ya umeme, iwe kwa kuwasha au kuzima. Harufu ikiisha, subiri tena dakika tano. Ndipo uwashe njiti kwanza, na gesi uifungue baadaye. Harufu ikirudi, mtungi utolewe nje, na mpira ukaguliwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Sisi watu wa nyanda za juu tuna shida nyingine. Butani karibu huacha kugeuka mvuke baridi inapokaribia nyuzi 0 za Selsiasi. Kwa hiyo alfajiri ya Juni, kule Uporoto au Mufindi, moto waweza kufifia na kuzimika hali mtungi una gesi bado. Hapo ndipo watu huusogeza mtungi kwenye jiko la mkaa, au huumwagia maji yanayochemka. Ndugu zangu, huko ni kuichezea roho! Wengine huulaza ubavu, na gesi iliyo majimaji huingia mpirani. Mtungi usimame wima, na chai ingoje chumba kipate joto.

Kila katibu amtafute yule anayewasha jiko ofisini kwake, mara nyingi ni kijana ambaye hakuitwa mkutanoni, amwonyeshe mtungi unafungwa wapi. Jiko la mazoezi liko uani. Twende sasa, wanne wanne, na wenye sigara wabaki humu.