Gesi ya Samadi na Haki ya Jikoni

 

Ndugu zangu Waislamu, nimeulizwa hapa Bulyaga: je, chakula kilichopikwa kwa bayogesi, yaani gesi itokanayo na samadi ya ng'ombe, ni halali? Muulizaji ana ng'ombe wawili wa maziwa bandani, na mkewe hubeba kuni kichwani katika mvua hii yetu ya Tukuyu. Fundi alikwisha kuja kupima shimo. Mwenyewe akamrudisha kwa kuogopa najisi.

Hofu hiyo siicheki. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi mavi ya ng'ombe ni najisi, ijapokuwa Maliki na Hanbali huyahesabu kuwa tohara. Lakini tazameni kinachotendeka. Samadi huchanganywa na maji kwa kiasi sawa, ikamiminwa katika kuba la matofali lililofukiwa ardhini, pasipoingia hewa. Humo huvunda, gesi ikapanda na kufuata bomba hadi jikoni. Kinachofika chini ya sufuria ni mwali wa buluu. Samadi imebaki shimoni, nayo ikitoka hutiwa kwenye migomba. Chakula hakikuguswa na najisi. Kileni.

Sasa nami namwuliza mwenye swali. Wanazuoni wa Shafi wameandika kwamba gharama ya kusaga na kuoka chakula cha mke iko juu ya mume. Je, kuni zimekuwa juu ya nani? Mwanamke apulizaye kuni mbichi, macho mekundu, mtoto akikohoa mgongoni, hakuomba hisani. Ana haki yake. Tumechunguza sana tohara ya moto, tukasahau moshi.

Saruji na matofali ni gharama, nalijua. Tena baridi yetu hupunguza gesi. Hata hivyo ng'ombe wawili wa bandani, wakilishwa vyema, hutosha kupikia nyumba ndogo. Tangu mwaka 2009, chini ya programu ya taifa iliyosimamiwa na CAMARTEC ya Arusha, maelfu ya mitambo ya namna hii ilijengwa nchini.

Na mkisikia harufu ya yai bovu jikoni, msiwashe kiberiti. Fungueni madirisha, fungeni koki, kisha pakeni povu la sabuni kwenye viungio vya bomba. Penye tundu patachemka mapovu.